Maarifa Yetu Yaandikwe

Hapa Oraba mama anayechanganya vumbi la makaa na uji wa muhogo, akakausha, akapikia, huyo ni mvumbuzi. Akihama bila kuandikwa, maarifa yanahama naye, na jirani anarudi porini kutafuta kuni.

Kule India, Profesa Anil Gupta na wenzake walianzisha jarida la Honey Bee, yaani Nyuki, la kuandika uvumbuzi wa wanakijiji. Nyuki huchukua chavua, ua halipungukiwi. Basi jarida humtaja mvumbuzi kwa jina, na kumrudishia habari kwa lugha yake.

Na sisi tutenge ukurasa. Tuombe ruhusa kwanza, tuandike jina lake, vipimo na mchoro. Haya, nani anaanza?