Nyamapori, Mbuni au Sungura: Hela Yako Inanunua Nini?

Ukitaka kujua kama nyama ya swala ni ghali kuliko ya ng'ombe, usitazame kibao cha bei peke yake. Anza na mifupa. Tuseme kilo ya ng'ombe mchanganyiko ni shilingi 10,000 na robo yake ni mifupa. Hapo nyama tupu umeinunua kwa zaidi ya 13,300 kwa kilo. Steki ya nyamapori inayouzwa 13,000 haijaizidi bei hiyo.

Hesabu ya pili ni mkaa. Nyati mzee ana nyama ngumu, na bila papai bichi la kulainishia au presha kuka, moto utawaka nusu siku. Swala huiva upesi, ila hana mafuta. Ukimbanika kwa moto mkali anakauka, kwa hiyo rosti yenye nyanya na mafuta ya kutosha inamfaa zaidi.

Tanzania iliruhusu bucha za nyamapori kwa kanuni za mwaka 2020, na muuzaji lazima awe na leseni. Kenya, iliyopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, haina soko halali la nyama ya porini. Mla nyama wa Nairobi anayetafuta ladha ngeni hupata mbuni na mamba wa kufugwa.

Mbuni ni ndege, lakini nyama yake ni nyekundu kama ya ng'ombe na ina mafuta machache. Steki yake haihitaji kukaa motoni muda mrefu, hivyo unaokoa gesi. Yai lake hulingana na takriban mayai 24 ya kuku. Likiuzwa zaidi ya bei ya trei nzima ya mayai 30, ujue unalipia ganda na simulizi. Kwa mamba, ulizia mkia, maana ndiyo sehemu yenye minofu mizuri.

Asiyetaka kuhangaika na leseni za porini ana sungura wa kufugwa. Ni nyama nyeupe, haina mafuta mengi, na sungura mmoja anatosha familia ndogo. Kware ni mtamu lakini mdogo mno: mtu mzima hali mmoja akashiba. Kanga apikwe taratibu kama kuku wa kienyeji.

Nyama ya bei nafuu kuliko zote ni ile inayopitishwa usiku kwenye mfuko wa rambo, nayo ndiyo ghali kuliko zote. Hakuna mkaguzi aliyeiona, na mzoga uliookotwa unaweza kuwa na kimeta, ugonjwa unaoua hata anayemchuna mnyama. Mnunuzi naye hasalimiki kwa sheria: mahakama za Tanzania zimewahi kutoa kifungo cha zaidi ya miaka 20 kwa kukutwa na nyama ya swala bila kibali.

Kwa mboga ya kila wiki, chukua sungura. Kwa sherehe Tanzania, swala wa buchani anastahili hela yake. Nyati mwachie mwenye presha kuka. Mgeni wa Nairobi mkaribishe kwa steki ya mbuni. Na kabla hujatoa pesa ya nyamapori, omba kuona leseni, kisha udai risiti na uitunze mpaka nyama iishe. Muuzaji akisita, rudi kwa ng'ombe.