Kadi ya dinner ya watu wa manunuzi: unalipia chakula au unatafuta zabuni?

Chukua mfano una duka la vifaa vya ofisi pale Tunduma, si mbali na foleni ya malori ya Zambia. Simu inaita. Kuna dinner ya kuadhimisha miaka kadhaa ya chama cha watu wa manunuzi, mgeni rasmi anatoka serikalini, wazungumzaji wapo, kadi zipo za single na double. Halafu sauti inashuka kidogo: "Kampuni ikichukua meza nzima, inatambulika zaidi."

Uende? Na ukienda, ulipe nini na usilipe nini?

Tuanze na hao wenye sherehe. Sisi mtaani tunasema manunuzi, sheria inasema ununuzi, ila watu ni wale wale: maafisa wanaonunulia serikali kila kitu, kuanzia karatasi za halmashauri na dawa za kituo cha afya hadi barabara. Ni taaluma kamili yenye bodi yake, PSPTB, iliyoundwa kwa sheria ya 2007 ikarithi bodi ya zamani ya tangu 1981. Bodi hiyo huwa na kongamano la kila mwaka, mara nyingi Arusha. Msimamizi wa ununuzi wenyewe ni mamlaka nyingine, PPRA, iliyoanzishwa na sheria ya 2004. Kwa hiyo maadhimisho hayakosekani. Hata Mkoa wa Songwe wenyewe ni mtoto wa 2016, ulipomegwa kutoka Mbeya na makao makuu kuwekwa Vwawa.

Dinner yenyewe haina kosa. Kila taaluma inakula na kupongezana, na hotuba zake mara nyingine zinafaa kuliko semina ya siku tatu, kwa sababu mzungumzaji ana dakika ishirini tu na lazima aseme la maana. (Akipewa saa nzima, jiandae kusinzia.)

Shida inaanzia kwenye swali moja: nani analipa sahani ya nani?

Ukinunua kadi yako mwenyewe, ukakaa, ukala, ukasikiliza, hakuna anayekudai. Ukilipia meza ya watu kumi, halafu kwenye meza hiyo ukawakalisha maafisa ambao wiki ijayo wanafanyia tathmini zabuni uliyoomba, hapo umehama. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inazungumzia rushwa kwenye ununuzi waziwazi, na haiangalii bahasha peke yake. Faida yoyote inayotolewa ili kumshawishi mtu kwenye zabuni inaingia humo, na anayetoa anabanwa sawa na anayepokea. Juu ya hapo, PPRA ina uwezo wa kuifungia kampuni isishiriki zabuni za umma. Kwa mfanyabiashara mdogo, kufungiwa ni sawa na kufunga duka.

Kuna wanaosema, "Ah, ni ukarimu tu, sisi Waafrika tunakula pamoja." Sawa. Basi mkaribishe nyumbani wakati huna zabuni yoyote mezani kwake. Ukarimu unaokuja wiki ya tathmini una jina lingine.

Halafu kuna hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Hiyo meza haikununulii unachodhani, maana zabuni ya halmashauri haipiti kwa mtu mmoja. Idara inaomba, kitengo cha ununuzi kinatangaza, kamati ya tathmini inapitia maombi, bodi ya zabuni inaidhinisha, na mkurugenzi ndiye Afisa Masuuli. Sheria imewatenganisha kwa makusudi ili mmoja asifanye kazi ya wote. Ukimlisha mmoja bado hujapita kwa wengine wanne.

Na tangu Julai 2023 kazi imehamia kwenye mfumo wa NeST. Tangazo liko humo, maombi yanawasilishwa humo, na bei yako haifunguliwi mpaka muda wa kuwasilisha uishe. Siwezi kukudanganya kwamba mfumo umeua ujanja wote. Binadamu ni wale wale, na mtu bado anaweza kuandika vigezo vinavyomfaa rafiki yake. Ila mfumo unaacha nyayo: nani aligusa nini na saa ngapi. Zamani faili lilikuwa linapotea kabatini na kila mtu anashangaa.

Kwa hiyo kabla ya kununua kadi, jiulize kwanza kama kampuni yako imesajiliwa NeST na taarifa zake ziko sawa. Nimeona watu wakihangaika kuzoeana na afisa fulani wakati leseni yao ya biashara imekwisha muda. Hata afisa akiwapenda vipi, hawapiti.

Ukishakaa sawa huko, ndo uende dinner, na uende na maswali.

La kwanza ni asilimia 30. Taasisi za umma zinatakiwa kutenga sehemu hiyo ya bajeti ya ununuzi ya mwaka kwa vikundi vya wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu. Akina mama wanaouza mchele wa Kamsamba, au vijana wenye karakana ya kuchomelea pale Tunduma, wanaweza kuingia hapo kama kikundi kilichosajiliwa. Muulize mgeni rasmi: halmashauri yetu imetenga kiasi gani mwaka huu, na kimefika kwa vikundi vingapi? Swali hilo likiulizwa mbele ya ukumbi mzima, linajibiwa vizuri kuliko likiulizwa dirishani ofisini.

La pili ni haki ya kulalamika. Chini ya Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023, iliyoanza kutumika 2024, wazabuni wanajulishwa nani anakusudiwa kupewa mkataba, halafu kuna siku tano za kazi za kusubiri. Zamani zilikuwa saba. Hizo siku tano ndizo zako. Kama hujaridhika unaanza kwa Afisa Masuuli, ukishindwana naye unakata rufaa PPAA, mamlaka ya rufani za zabuni. Ukikaa wiki mbili unanung'unika kijiweni, basi tena.

La tatu ndilo linalouma: malipo. Mzabuni anapeleka chakula shuleni, anasaini hati, anasubiri, muhula unaisha. Kuna waliouza kiwanja wakisubiri hela ya serikali. Kama benki imetuma mzungumzaji wa kuhubiri mikopo ya wazabuni, msimamishe hapo hapo: malipo yakichelewa miezi sita, riba anabeba nani? Uliza pia mkataba unasema nini kuhusu malipo yaliyochelewa, maana wengi wanasaini bila kufika ukurasa huo.

Maswali hayo matatu yanalipa bei ya kadi ya single. Meza nzima waachie wenyewe waandaaji.

Na mtu akikupigia tena akisema meza yenye jina la kampuni yako itakumbukwa siku ya tathmini, mwambie arudie taratibu, andika saa na maneno yake. Namba ya TAKUKURU ni 113, na kupiga ni bure.