MGUU MMOJA UMEVIMBA? MAFUTA YA KUCHUA WEKA PEMBENI KWANZA!

Wiki hii tuache kidogo habari za mapenzi na mitindo ya nywele, tuongelee miguu. Si ile ya kuvalia sketi fupi, la hasha! Nazungumzia mguu mmoja unaoamua kuvimba peke yake wakati mwenzake umetulia tuli. Ikivimba yote miwili, sababu ni nyingi, yaweza kuwa figo, yaweza kuwa moyo. Lakini ukivimba mmoja, tena ghafla, kigimbi kikawa kigumu, cha moto na kinauma, hapo pana kasheshe. Huenda damu imeganda ndani ya mshipa mkubwa.

Twende taratibu. Damu kushuka miguuni si kazi, moyo unaisukuma. Kupanda sasa ndiyo shughuli. Vena, yaani mishipa inayoirudisha damu juu, hutegemea misuli ya kigimbi ikibana na kuachia unapotembea. Ukikaa kitako muda mrefu, damu inadorora. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2007 kwamba safari ya kukaa kwa muda wa saa 4 au zaidi, iwe ndege, basi au treni, huongeza hatari hiyo karibu mara mbili. Kwa msafiri mmoja mmoja bado ni hatari ndogo, usianze kuogopa basi la Mwanza. Wanaotakiwa kuwa macho zaidi ni waliotoka kupasuliwa, wajawazito, waliojifungua karibuni, wenye saratani na akina dada wanaomeza vidonge vya majira vyenye estrojeni.

Mguu wa kushoto ndio huonewa zaidi. Kisa? Mle kinenani ndani, ateri inayokwenda mguu wa kulia hupita juu ya vena inayotoka mguu wa kushoto na kuikandamiza kwenye uti wa mgongo. Ongeza na tumbo la ujauzito hapo juu, umeelewa.

Ndivyo ilivyomkuta dada mmoja jirani yangu, wiki mbili baada ya kujifungua. Shangazi yake alishatoa chupa ya mafuta ya Ayurveda, kakunja mikono ya gauni. "Nipisheni niuchue, huyu kaingiwa na baridi." Nikamwamkia, nikamwambia, "Shangazi, naomba usiuguse kwanza, twende hospitali." Alinuna, kweli kweli! Altrasaundi ikaonyesha bonge la damu limepanda mpaka pajani.

Kwa nini nilikazania? Bonge likimeguka kwa kuchuliwa, linapanda na damu, linapita moyoni, linakwenda kuziba mapafu. Mtu anaanza kuhema, kifua kinachoma, anaweza kukohoa damu au kuanguka. Wengine hufa papo hapo. Yule nyota wa tenisi, Serena Williams, yalimpata mapafuni mwaka 2011, yakarudi mwaka 2017 baada ya kujifungua kwa operesheni. Yeye mwenyewe alisimulia alivyomng'ang'ania nesi apimwe, nesi akidhani ni dawa za maumivu zinamchanganya. Kipimo kikamuunga mkono.

Hospitali wanafanya nini? Kwanza sindano ya heparini au ya jamii yake, kisha vidonge kwa miezi isiyopungua mitatu. Dawa hizi haziyeyushi bonge. Zinalizuia lisikue, mwili wenyewe unalimaliza polepole. Kwa wachache, wataalamu hupitisha mrija ndani ya mshipa na kulitoa.

Kidonge cha zamani katika kundi hili ni wafarini, na historia yake ni sinema. Miaka ya 1920, ng'ombe wa Marekani na Kanada walikuwa wakivuja damu mpaka kufa baada ya kula majani ya klova yaliyooza. Karl Paul Link na wenzake huko Wisconsin wakaitafuta kemikali iliyohusika, na kutokana nayo mwaka 1948 ikaingia sokoni sumu ya panya. Ndiyo, sumu ya panya! Mwaka 1954 ikaruhusiwa kwa binadamu, na Rais Eisenhower alipewa baada ya moyo kumsumbua mwaka 1955. Kipimo ndicho kinachotenganisha dawa na sumu, ndiyo maana mtumiaji hupimwa damu mara kwa mara.

Haya, na Ayurveda? Mimi siidharau. Ni elimu ya kale ya Wahindi, na India ina vyuo vinavyoifundisha kwa miaka mitano na zaidi. Yenyewe husema mwili una njia, na njia ikiziba, vata inakwama na damu inachafuka. Tiba zake ni vyakula, triphala, guguli (utomvu wa mti ulio ndugu na manemane), na kuumikwa kwa ruba. Usicheke! Kitabu cha Sushruta kinagawa ruba aina 12, sita wenye sumu na sita wasio na sumu. Mwaka 1884 John Haycraft aligundua kwamba ruba ana kitu kinachozuia damu kuganda, na leo kuna dawa za hospitali zilizotokana na ujuzi huo.

Lakini hakuna dawa ya mitishamba iliyothibitishwa kuondoa bonge kwenye mshipa mkubwa. Balaa lingine ni kuchanganya. Vidonge vya guguli, manjano au kitunguu saumu juu ya wafarini vinaweza kukutoa damu isiyokatika. Na mwaka 2004, watafiti wa Boston walipima bidhaa 70 za Ayurveda kutoka madukani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki.

Jirani yangu bado anatumia wafarini. Mchicha anakula, ila kiasi kilekile kila wiki, kwani vitamini K ya mboga za majani hushindana na dawa. Shangazi naye siku hizi anachua mabega tu.