Kocha Hodari Hupimwaje?

Timu ya kandanda ikishinda, kocha husifiwa, ikishindwa, hufukuzwa. Je, hukumu hizo zina msingi? Swali hili laweza kuchunguzwa kwa njia za kisayansi, na mikoa ya Mbeya na Iringa inatupatia mifano inayofaa.

Katika msimu wa 2013/14 Mbeya City, iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilimaliza Ligi Kuu ikiwa ya tatu, mbele ya Simba. Kocha wake alikuwa Juma Mwambusi. Mwaka 2019 Lipuli ya Iringa, ikifundishwa na Selemani Matola, ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho, ikafungwa na Azam. Baadaye makocha hao waliondoka. Lipuli ikashuka daraja mwaka 2020, na Mbeya City mwaka 2023. Je, ushindi uliondoka pamoja na makocha? Kabla ya kujibu, hatuna budi kutenga sababu nyingine.

Sababu ya kwanza ni bahati. Chukua sarafu uirushe mara 30, sawa na idadi ya mechi za msimu mmoja katika ligi yenye timu 16. Upande mmoja uwe ushindi, na wa pili uwe kukosa ushindi. Ukirudia jaribio hilo mara nyingi, kwa kawaida utapata ushindi kati ya 10 na 20. Tena, katika zaidi ya theluthi moja ya misimu hiyo ya sarafu, utakuta mahali ushindi umekosekana mara tano mfululizo. Sarafu haina kocha, wala haikupungukiwa na nguvu. Kipindi kama hicho kikipita, matokeo huelekea kurudi kwenye wastani yenyewe. Kocha mpya akiletwa wakati huo, atapewa sifa asiyoistahili.

Sababu ya pili ni mazingira. Mji wa Mbeya uko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Huko mgandamizo wa hewa ni pungufu kwa karibu sehemu moja ya tano kuliko Dar es Salaam, na kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Mchezaji anayetoka pwani huchoka mapema. Mwenyeji amekwisha kuzoea. Kwa hiyo ushindi wa nyumbani peke yake si kipimo cha kocha. Yafaa tuulinganishe na matokeo ya ugenini.

Sababu ya tatu ni mali. Timu ndogo ikifanya vizuri, klabu tajiri huwachukua wachezaji wake pamoja na kocha. Timu ikianguka baadaye, ni vigumu kusema ni pengo la nani lililoiangusha.

Basi kocha apimwe kwa misimu kadhaa, kwa kulinganishwa na timu zenye uwezo sawa na yake, na kwa vijana aliowakuza. Kipimo kikubwa zaidi ni kile kinachobaki baada yake. Tukuyu Stars ya Rungwe ilitwaa ubingwa wa Tanzania Bara mwaka 1986, na haijautwaa tena. Kushinda mara moja ni jambo la fahari. Kujenga timu ni kuwezesha ushindi urudiwe.

Wanafunzi na wajaribu: kusanyeni matokeo ya timu ya shule yenu kwa miaka mitatu, mtenge ya nyumbani na ya ugenini, ndipo mtoe hukumu.