Mtoro Si Marehemu

Karne ya 19, msafara uliotoka Bagamoyo ulitembea kama miezi mitatu kabla ya kuingia Unyanyembe, Tabora ya leo. Hapo njia ziliachana: ya Ujiji ikishika magharibi, ya Karagwe na Buganda kaskazini. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na kwao Tabora ilikuwa nyumbani. Wapo waliotua mzigo wasiendelee. Wengine walitoroka usiku porini. Msafara ukifika Ujiji, mwenye daftari aandike nini mbele ya jina la mtoro? Kafa? Yu hai? Analojua ni moja tu: hadi kambi ya mwisho alipoonekana, alikuwa mzima.

Fumbo hilo ndilo kazi ya mtakwimu wa saratani. Mgonjwa wa Tabora hupelekwa Bugando, Mwanza, au Ocean Road, Dar es Salaam. Akimaliza dawa anarudi kijijini, na tarehe ya kliniki inapita bila yeye kuonekana. Wahudumu wengi humwita kwa neno lile lile la msafarani: mtoro.

Tuseme wagonjwa ni 10. Mwezi wa 2 anafariki mmoja. Mwezi wa 3 wanatoroka wawili. Mwezi wa 5 anafariki mwingine, na waliobaki wanafika mwezi wa 6. Ukiwazika watoro kwenye karatasi, walionusurika ni asilimia 60. Ukiwafanya hai, ni 80. Mwaka 1958 Edward Kaplan na Paul Meier wa Marekani walichapisha dawa ya tatizo hili: kila kifo kinapotokea, uliza waliokuwa bado njiani siku hiyo ni wangapi. Mwezi wa 2 wamevuka 9 kati ya 10. Mwezi wa 5, 6 kati ya 7. Zidisha sehemu hizo mbili, unapata asilimia 77. Mtoro amehesabiwa hadi kambi yake ya mwisho, basi.

Wagonjwa wakiwa mamia, kazi hiyo hufanywa na kompyuta. R, programu huria iliyoanzishwa na Ross Ihaka na Robert Gentleman kule Auckland, New Zealand, haina leseni ya kununua. Huja na kifurushi kiitwacho survival, kazi ya miaka mingi ya Terry Therneau, mtakwimu aliyefanya kazi Mayo Clinic, Marekani. Msimbo aliouandika uko wazi: mwanafunzi wa Tabora mwenye kompyuta mpakato anaweza kuusoma, kuukagua, hata kuukosoa.

Lakini hesabu hii ina sharti: mtoro asiwe ametoroka kwa sababu hali imemzidi. Akiwa amelala hoi kwao Sikonge au Urambo, ile asilimia 77 inatudanganya, na hakuna programu itakayojua. Atakayejua ni mhudumu anayeinua simu, akauliza kwa jirani au kwa mwenyekiti wa kijiji, kisha akajaza ile nafasi iliyo wazi kwenye rejista.