Maziwa ya Mama Huanzia Ubongoni

Mtoto akilia titini, baadhi yetu hapa Kitangari husema maziwa ya mama ni mabaya. Mtoto akapewa uji kabla ya miezi 6. Tusifanye haraka. Mwenyezi Mungu ametujaalia jeni inayotengeneza oksitosini, protini ndogo mno yenye asidi amino 9 tu. Mtoto anaponyonya, ubongo wa mama huiachia, nayo huyasukuma maziwa yatoke. Hofu na maumivu huizuia. Basi mzazi aliyetoka kuteka maji au kuokota korosho asilaumiwe. Surat al-Baqara, aya ya 233, imetaja miaka 2 ya kunyonyesha, ikambebesha baba chakula na mavazi ya mama. Akina baba, tumpumzishe. Akina bibi, tumtulize. Mtoto asipoongezeka uzito, tumpeleke kituo cha afya.