Mtoto Akaaye Nyuma ya Darasa

Huko Ireland, karibu shule 9 katika kila 10 za msingi zaongozwa na Kanisa Katoliki, lakini mishahara ya walimu hulipwa na Serikali, yaani kwa kodi ya wafanyakazi wote, wenye dini na wasio na dini. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2022, watu 14 katika kila 100 walijiandikisha kuwa hawana dini. Watoto wao waende wapi? Mahali pengi shule ni hiyo hiyo moja.

Katiba ya mwaka 1937 yampa mtoto haki ya kusoma katika shule ipatayo fedha za umma pasipo kuhudhuria mafundisho ya dini. Imeandikwa vizuri. Lakini wenzake wa miaka saba au minane watayarishwapo kwa Komunyo ya Kwanza, yeye mara nyingi huketi nyuma na kitabu cha kuchora, akisikia kila neno. Sisi tuliosomeshwa na misheni twajua: kutengwa humwuma mtoto kuliko fimbo.

Kabla ya sheria ya mwaka 2018, shule ya Kikatoliki iliyojaa iliweza kumtanguliza aliyebatizwa. Wazazi wengine wakabatiza watoto kwa ajili ya nafasi tu, jambo ambalo, kwa maoni yetu, liliidhalilisha hata sakramenti yenyewe. Kizuizi hicho kimeondolewa. Mlango u wazi, ila kiti cha nyuma kingalipo. Twasema matayarisho ya Komunyo yahamie parokiani, baada ya kengele ya mwisho, na mwalimu alipwaye na umma awafundishe wote hesabu.